Fundi wa Pedi

Pedi ya PlayStation ikianza kumsukuma mchezaji kulia wakati hakuna kidole kilichoigusa, wenye mabanda ya gemu husema inatembea yenyewe. Hapa Kwa Mathias, Kibaha, yupo fundi wa kuziponya, na kazi yake naweza kuitazama mchana kutwa.

Halazimishi kitu. Anafungua skrubu moja moja na kuzipanga mezani kwa mfuatano wake, kisha anaachanisha plastiki polepole, maana waya za ndani ni nyembamba mno. Chini ya kila kijiti cha kidole gumba mna rezista mbili za kubadilika, jamaa za ile inayoongeza na kupunguza sauti ya redio. Moja hupima kushoto na kulia, nyingine mbele na nyuma. Ndani ya kila moja ulimi wa chuma husugua njia ya kaboni. Njia ikilika au ikiingia vumbi, kipimo hudanganya. Anasafisha kwa spiriti, anajaribu. Ikigoma, anayeyusha risasi, anang'oa iliyochoka na kupandikiza nzima kutoka kwenye pedi iliyokufa, mguu baada ya mguu, bila kuunguza shaba ya bodi. Hapo ndipo mkono wake unapojulikana.

Pedi hiyo ina ukoo. Ralph Baer, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1938 na kuhamia Marekani, alisomea ufundi redio kwa njia ya posta na akala jasho lake kwa kutengeneza redio za watu. Mwaka 1966 akapata wazo la mchezo wa kuchezwa kwenye televisheni ya nyumbani. Mashine iliyotokana na wazo hilo, Odyssey, iliuzwa na Magnavox mwaka 1972. Haikuwa na sauti wala rangi. Mchezaji alishika kisanduku chenye vitufe vya kuzungusha: kimoja kilisogeza doa jeupe kwa mlalo, kingine kwa wima, na ndani yake zilikuwamo rezista za kubadilika.

Kijiti cha Atari cha mwaka 1977 kilitumia swichi tupu, za kuwasha na kuzima. Msalaba wa vitufe wa Gunpei Yokoi wa Nintendo nao hivyo hivyo. Sony ilipoweka vijiti viwili kwenye pedi yake mwaka 1997, kwangu mimi ilirudi kwa rezista za kubadilika za Baer, yule fundi redio.

Basi pedi yako ikianza kutembea yenyewe, usikimbilie dukani. Mpelekee fundi, na ukiwa na nafasi, kaa umtazame.