Ufundi wa Kujua Nani Anyamaze

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Lakini kila aisikiaye akishika pembe yake naye akaipuliza, jambo lenyewe halitasikika tena. Hilo ndilo tatizo la mtandao wa vifaa vinavyotembea, usio na mnara wala kituo kikuu, ambamo kila redio hupokea ujumbe wa wenzake na kuusogeza mbele. Mwaka 1999 watafiti wanne wa Taiwan, Ni, Tseng, Chen na Sheu, walilipima na kulifananisha na tufani. Kifaa kinachorudia ujumbe huongeza eneo jipya la wastani wa asilimia 41 tu ya duara la masafa yake. Kikiwa kimeshausikia mara nne, marudio yake hayaongezi hata asilimia 5. Kinachobaki ni mawimbi kugongana na betri kuisha bure. Ndiyo maana naamini kwamba ufundi mkuu wa kazi hii ni kujua nani anyamaze.

Ufundi huo unaonekana vizuri katika itifaki ya OLSR, iliyochapishwa Oktoba 2003 chini ya uhariri wa Thomas Clausen na Philippe Jacquet wa taasisi ya INRIA, Ufaransa. Kwa kawaida, kila sekunde 2 kifaa hubisha hodi na kutaja majirani zake. Kwa orodha hizo, kila kimoja hujua pia majirani wa majirani. Kikiwa na majirani sita, na wawili kati yao wanatosha kuwafikia majirani wote wa mbele, huwateua hao wawili waurudie ujumbe. Wanne waliobaki husikia na kutulia. Jirani akihama, asisikike kwa sekunde 6, jina lake hufutwa na uteuzi hufanywa upya. Hakuna anayetoa amri, na bado neno hufika.

Yuko atakayeuliza: minara ya simu imejaa, ya nini taabu hii? Mnara ukikosa umeme wakati wa mafuriko, simu zote zilizoutegemea hunyamaza, hata zilizo bega kwa bega. Hoja nzito zaidi ni kwamba mtandao ukikua, hata kujuana kwenyewe huwa mzigo. Ni kweli. Wanamtandao wa jumuiya ya Freifunk mjini Berlin waliuona mzigo huo, na mwaka 2006 ikaanza itifaki ya B.A.T.M.A.N., ambamo kifaa hakichori ramani ya mtandao mzima kama kilivyofanya katika OLSR. Hukumbuka tu jirani wa kumkabidhi ujumbe. Dosari ilitibiwa kwa kupunguza mzigo tena, si kwa kupaza sauti. Ujumbe ukikifikia kikundi kizima, tuwasifu wawili waliousogeza, na tusiwasahau wanne walioiacha hewa wazi.