Majisafi, Majitaka, na Maji Yasiyo na Jina

Istilahi majisafi na majitaka zimeenea katika nyaraka za serikali, na kwa kazi ya mabomba ya mjini zinatosha: ya kwanza huingia nyumbani, ya pili hutoka. Upungufu wake huonekana yanapotokea maji ya aina ya tatu.

Tuseme tangi la kituo cha mafuta limevuja mahali fulani katika mwambao wa Kilwa au Lindi. Petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea juu ya maji yaliyo chini ya ardhi. Lakini sehemu yake, hasa kemikali ya benzini iletayo saratani ya damu, huyeyuka ndani yake. Maji hayo huvutwa kwa pampu, hutengwa na mafuta, hupulizwa hewa na kupitishwa katika mkaa maalumu. Mwishowe hayana budi kupelekwa mahali. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009, jambo hilo lataka kibali cha bodi ya maji ya bonde, ambayo huko ni ya Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini.

Kibali hicho huitwa kibali cha kutiririsha majitaka. Jina hili lina kasoro mbili.

Kwanza, kutiririsha. Sheria yahusu maji yaelekezwayo mitoni na pia yale yaingizwayo katika tabaka za chini ya ardhi. Lakini maji yarudishwayo ardhini hayatiririki, yanapenyezwa. Kilwa tofauti hiyo ni kubwa: mwamba wa matumbawe una nyufa na matundu, na maji hupita humo upesi hadi visimani. Mfereji nao hufikisha maji kwenye mikoko na bahari ya eneo la Ramsar la Rufiji-Mafia-Kilwa, lililotangazwa mwaka 2004. Mwananchi asomaye kibali apaswa kujua kama maji yanaelekea kisimani au baharini.

Pili, majitaka. Kwa wengi haya ni maji ya chooni na jikoni, ambayo rangi na harufu yake humwonya mtu. Maji yenye benzini yaweza kuwa meupe kama ya chemchemi. Wanaolikwepa neno hilo huandika maji yaliyosafishwa, na hapo hatari huzidi, kwani msomaji hufahamu kuwa yanyweka. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 0.01 za benzini kwa lita ya maji ya kunywa. Lakini viwango vya kibali huwekwa kwa kutazama mahali maji yanapopelekwa, wala si lazima vilingane na hicho. Maji yaliyotibiwa nayo hayasemi yamebakiwa na nini.

Wenyeji wa pwani hawakuwahi kuridhika na aina mbili tu. Wanayo maji baridi, maji ya chumvi na maji ya magadi. Tena watu hawangojei kamati: kila kituo cha mafuta wamekwisha kukiita sheli, kwa jina la kampuni ya Shell. Tukichelewa, maji haya nayo yatapewa jina, na huenda likawa maji safi.

Kwa maoni yetu, yafaa tuseme kibali cha kutoa maji, kisha ibainishwe kama ni kutiririsha mferejini, kupenyeza ardhini au kumwaga baharini. Na maji yenyewe yaitwe maji yaliyopunguzwa sumu. Wenye vituo huenda wakalalamika kwamba neno sumu latisha. Lakini sumu iliyopunguzwa si sumu iliyokwisha, na istilahi haina haki ya kuficha hilo. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, maneno haya si pambo la tafsiri tena. Siku mwenye kisima atakaposhtaki, hayo ndiyo hakimu atakayoyapima.