Tundu la Sakafuni

Mwizi anayepiga mlango teke hashindani na ubao. Mlango wa mninga ni mzito, na kitasa chake huenda kilinunuliwa kwa bei ya kumtoa mtu jasho. Kinachomwangusha mwenye nyumba ni fremu, pale kando ya kitasa, ambapo kibati cha kupokea ulimi kimeshikwa na skrubu mbili fupi zilizoingia kwenye mbao nyembamba. Mbao hiyo ikipasuka, mninga wote ule umekuwa pambo tu.

Fundi anayeujua udhaifu huo haongezi kitasa cha pili juu ya cha kwanza. Hupiga magoti akatazama sakafu.

Komeo la sakafuni halina mengi. Bamba la chuma hufungwa chini, nyuma ya mlango unaofungukia ndani, na kipande cha pili huchomekwa ndani yake kikausimamia mlango. Ukitaka kutoka, unakichomoa. Nguvu ya anayesukuma nje huteremka kwenye bamba, ikapita kwenye bolti, ikaishia kwenye jamvi la zege. Huyo sasa anasukumana na nyumba nzima. Wakazi wa New York walilijua hilo zamani: walikuwa na chuma kirefu kilichoegemezwa kati ya mlango na kishimo cha sakafuni, wakikiita kufuli la polisi. Huku kwetu wapo wanaotumbukiza kipande cha nondo kwenye tundu nyuma ya mlango, wakalala. Na milango ya kale ya Unguja na Lamu haikuning'inizwa kwa bawaba; kila ubao huzungukia ncha zake mbili, moja juu na nyingine kwenye kizingiti cha chini. Waliojenga hivyo walijua uzito wapi pa kuupeleka.

Lakini chuma hununuliwa na yeyote mwenye fedha. Ninachokisifu mimi ni tundu.

Kabla ya tundu kuna kupima, na hapo ndipo fundi wa kweli anapojitenga na mwenye haraka. Huufungua mlango hadi mwisho aone kama utapita juu ya bamba bila kulikwaruza. Huuliza bomba la maji limepita wapi. Kisha huacha upenyo kidogo kati ya chuma na mlango, na upenyo huo una hesabu yake: ukiwa mkubwa, mlango hupata nafasi ya kukusanya kishindo, ukiwa haupo kabisa, masika itafika, mbao itavimba, na komeo halitachomoka tena. Anayepima mwezi wa Januari lazima aifikirie Aprili.

Halafu taili. Taili haipendi kugongwa. Fundi hubandika utepe juu ya alama ili biti isiteleze, huzima mtikisiko wa drili, huweka biti ya taili na kuanza taratibu, akidondoshea maji. Mlio huwa mwembamba, wa kukera meno. Ukibadilika, taili imetoboka. Hapo hubadilisha biti, huuwasha mtikisiko, na drili huanza kunguruma. Vumbi nalo humpa habari: kwanza la rangi ya taili, kisha la kijivu laini la saruji ya juu, mwishowe lenye chembe za kokoto. Anapoziona kokoto, anajua amefika kwenye zege lenyewe, na hapo tu ndipo plagi ya kushikia bolti inapopaswa kukaa. Plagi ikitanukia ndani ya taili huipasua. Ikiishia kwenye saruji ya juu, imeshika ganda tu.

Baada ya hapo huchukua kimrija, hufumba macho na kupuliza tundu hadi vumbi liishe. Ni kazi isiyo na heshima, inamrudia usoni, na wengi huiruka. Lakini ungaunga ule ukibaki, plagi huuparamia badala ya kuung'ang'ania ukuta wa tundu, na bolti huzunguka bure. Akishamaliza, bamba hulifunika tundu, wala hakuna mgeni atakayejua kama lilipulizwa au halikupulizwa. Kwangu mimi, malipo ya fundi yapo hapo.

Komeo hili halifai kwa mlango unaofungukia nje. Wala haliuokoi mlango wa plaiwudi mbili zenye uwazi katikati; huo utavunjikia kiunoni huku chini pamekaa imara. Kitasa cha kati bado kinahitajika.

Na kuna jambo la moto. Nyumba zetu nyingi zina nondo madirishani, kwa hiyo mlango ndiyo njia pekee ya kutokea. Kabla hujamlipa fundi, zima taa, waite wote wanaolala humo, mtoto na bibi, kila mmoja alichomoe komeo kwa zamu yake. Akishindwa hata mmoja, kazi haijaisha.