Mizani ya Kazi Njema: Kubadili Injini na Kupaka Rangi Gari Kuukuu la Spoti kwa Fedha Kidogo

Katika mji wa Tunduma, ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam na reli ya TAZARA huvuka mpaka na kuingia Nakonde katika nchi ya Zambia, magari yaliyotumika Japani hupita mchana na usiku kuwaendea wanunuzi wao wa mbali; na mikoa yetu ya nyanda za juu, nayo ikiwa imepata fungu lake katika biashara hiyo, ina magari machache yaliyoundwa kwa furaha ya mwendo kuliko kwa haja ya kubeba mizigo. Yamo Celica na Silvia, na mashuhuri kuliko yote machoni pa vijana wetu ni Toyota Altezza, iliyouzwa Japani tangu mwaka 1998 hata 2005, ikatunukiwa huko heshima ya kuwa gari la mwaka 1998–1999. Leo hata mdogo wa magari hayo amefikia au amepita umri wa miaka ishirini hivi: injini zimechoka, rangi zimepauka kwa jua, na wenyewe, ambao aghalabu si matajiri, wanauliza wafanye nini.

Mapenzi ya magari ya namna hii si mageni kwetu. Mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 na kupita katika ardhi ya Kenya, Uganda na Tanganyika, zilitwaliwa mwaka 1971 na Edgar Herrmann pamoja na Hans Schüller, na mwaka 1973 na Shekhar Mehta pamoja na Lofty Drews, mara zote mbili kwa gari la spoti, Datsun 240Z ya silinda sita. Ukubwa wa injini ile, sentimita za ujazo 2,393, haukuwa wa kutisha. Lakini katika njia za matope na mawe ushindi ulikuwa wa gari lililoweza kufunguliwa na kufungwa tena upesi kando ya njia na fundi aliyejua kila kiungo kilipo.

Katika jambo hilo ndimo nilimopata mizani ya mwongozo huu. Kazi njema katika sanaa hii, kwa rai yangu, ni ile isiyoficha kitu: kazi ambayo kila waya wake waweza kufuatwa, kila boliti yake yaonekana, na kila tabaka la rangi yake lajulikana, hata fundi wa pili, asiyemjua wa kwanza, aweze kuikagua na kuitengeneza pasipo kubahatisha. Mtu wa Msangano, aishiye bondeni upande wa mto Momba, mbali na gereji kubwa za Mbeya, ana haja ya sifa hiyo kuliko mtu wa Dar es Salaam, kwa sababu gari lake likizimika njiani litatengenezwa na fundi aliye karibu, wala si na yule aliyelifunga.

Uchaguzi wa injini

Busara ya kwanza ni kurudisha injini ya jinsi ile ile iliyotoka. Altezza ya AS200 ilitoka kiwandani na 1G-FE ya silinda sita, sentimita za ujazo 1,988 na nguvu za farasi 160. Na kwa kuwa injini ya kizazi hicho ilifungwa pia katika Mark II ya GX110 na katika Verossa, magari yaliyojaa katika miji yetu, spea zake na mafundi wake hawaadimiki. Ikiwa injini uliyoipata ilitoka katika mojawapo ya magari hayo mengine, usitoe ya zamani ukaitupa, maana bakuli la oili lililo chini, mabomba, na mikono ya mauntingi huweza kutofautiana kwa kadiri ya umbo la gari, na fundi mwenye hadhari huviweka vya zamani kando mpaka atakapovilinganisha kimoja kimoja na vya mpya.

Wapo watakaokushawishi ununue 1JZ-GTE, yenye sentimita za ujazo 2,492, tabo na nguvu za farasi 280. Siikani sifa ya injini hiyo, maana ni miongoni mwa kazi bora za Toyota. Lakini hudai gia boksi yake, propela shafti ya kipimo chake, radieta kubwa zaidi na breki zinazolingana na mwendo wake, na mtu wa fedha kidogo akiileta peke yake huwa amenunua deni la kila kiungo kitakachoifuata.

Ukifika kwa muuzaji, Gerezani au Ilala kule Dar es Salaam, ama Mbeya, tazama kwanza namba iliyogongwa juu ya bloku. Ikiwa imesagwa kwa tupa au imefunikwa kwa rangi nzito, ondoka. Fungua kifuniko cha oili: utando mweupe ndani yake ni dalili kwamba maji yamechanganyika na oili. Toa plagi zote uzilinganishe, kwani moja iliyolowa oili katikati ya tano zilizokauka imekwisha kutoa ushahidi. Kisha omba kipimo cha kompresheni katika kila silinda, na hapa iko siri ambayo wengi wa nyanda za juu hawaijui. Hewa ya mahali palipo juu ni nyepesi: katika mwinuko wa Mbeya, takriban meta 1,700 juu ya bahari, shinikizo lake limepungua karibu sehemu moja katika tano kuliko pwani, kwa hiyo injini iliyosoma vizuri Dar es Salaam itasoma chini ikipimwa Mbeya au Tunduma, pasipo kuwa na ila yoyote. Ulinganifu ndio ushahidi wa kutegemewa. Silinda sita zikisoma karibu sawa, injini ina afya hata kama kipimo si kikubwa. Lakini moja ikipungukiwa na wenzake kwa zaidi ya kilo moja kwa sentimita ya mraba, yaani kama pauni 14 kwa inchi ya mraba, ringi, vali au gasketi yake ina hitilafu.

Ufungaji

Wakati injini ingali juu ya stuli yake ndipo fedha kidogo hufanya kazi kubwa. Mkanda wa taimingi, pampu ya maji, sili za krenki mbele na nyuma, thamostati na mipira ya mauntingi ni vitu vya bei ya kadiri, lakini kuvifikia baada ya injini kuingia hugharimu ujira wa siku nzima. Anayebana fedha hapo huja kulipa maradufu.

Kuna alama ndogo zinazomfunua fundi. Tazama mahali ambapo vifuniko vya injini vimeungana: ikiwa silikoni imefura nje kama ukingo mnene, jua kwamba kiasi hicho hicho kimefura ndani, na vipande vyake vikikatika huenda kuziba chujio la pampu ya oili. Fundi hodari hupaka uzi mwembamba, ukaonekana kwa shida. Tazama boliti: zile za urefu mbalimbali zimerudi katika matundu yake, au moja imechomoza na jirani yake imezama? Uliza pia kama zimebaki boliti katika kopo. Gari halikutoka kiwandani na boliti za ziada.

Nyaya ndizo mahali ambapo kazi nyingi za rahisi huharibika. Kiungo cha waya kilichosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa utepe kitashika leo, na kitaachia katika mtikiso wa barabara ya udongo iteremkayo Msangano. Kiungo cha haki hubanwa kwa klipu au huchomelewa kwa risasi, kisha huvikwa mpira unaonywea kwa moto. Rangi ya waya ifuatwe, nyekundu kwa nyekundu, ili fundi wa pili asome alichoandika wa kwanza. Waya wa ardhi kati ya injini na bodi usisahauliwe, maana ukikosekana umeme hutafuta njia nyingine, na hapo maradhi ya gari hayana hesabu. Tena ufungue swichi kabla ya kuwasha: taa ya onyo la injini sharti iwake, kisha izimike injini inapounguruma. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameondoa balbu yake ili asiulizwe swali, na hiyo ni ghiliba isiyostahili malipo.

Mwili na rangi

Utaratibu wa kazi ni sehemu ya ubora wake. Chumba cha injini kioshwe na kupakwa rangi kingali kitupu; injini iingizwe; gari liendeshwe na kujaribiwa; na mwisho kabisa, baada ya minyororo na spana kumaliza shughuli zao, ndipo mwili upakwe. Anayeanza na rangi ili apate moyo huja kuikwaruza kwa mikono yake mwenyewe.

Nasaha yangu kwa mwenye fedha kidogo ni kubaki na rangi ya asili. Kubadili nyeupe kuwa nyekundu hutaka miimo ya milango, ndani ya buti na chini ya boneti zote zibadilike, na anayeacha sehemu hizo huwa na gari lenye rangi mbili kila mlango unapofunguliwa. Namba ya rangi imeandikwa kwenye kibati cha kiwanda; kwa Toyota 040 ni nyeupe na 202 ni nyeusi, na rangi hizi zisizo na chembe za fedha ndizo rahisi kuzirekebisha baadaye mlango mmoja ukigongwa. Rangi ya metaliki huhitaji tabaka la rangi na tabaka la juu la kung'arisha, na mkono usio thabiti huacha mawingu ndani yake.

Chini ya rangi ndiko kwenye kazi. Kutu ikatwe hadi chuma safi kionekane. Chuma kilicho wazi kisilale usiku pasipo praima. Na puti isizidi unene wa milimita 3 hivi. Puti isisuguliwe kwa maji, kwa maana ina vinyweleo vinavyoyanywa, na maji hayo, yakifungiwa chini ya rangi, hutoka baada ya miezi kwa sura ya malengelenge. Msasa uende kwa daraja: namba 80 kwa kuipa puti umbo, 180 na 320 kwa kulainisha, 400 hadi 600 kabla ya rangi. Fundi anayeruka daraja huacha mikwaruzo ambayo rangi ikikauka huzama ndani yake na kuidhihirisha.

Majira nayo yana hukumu yake. Masika yetu, Novemba hadi Aprili, hutia unyevu katika hewa ya kompresa, na pasipo chujio la maji rangi hutoka na vitundu. Agosti hadi Oktoba pepo huinua vumbi. Mei na Juni ndio wakati bora, asubuhi, sakafu ikiwa imemwagiwa maji, kwa kukumbuka kwamba jioni za baridi za Tunduma huchelewesha kukauka, na joto la Msangano hutaka thina inayokauka taratibu. Aidha, rangi za kisasa zinazochanganywa na dawa ya kukazia hutoa sumu inayodhuru mapafu, na kitambaa puani hakizuii kitu. Gereji isiyomlinda mpakaji rangi wake kwa barakoa ya haki haistahili kuitwa bora, hata kazi yake ing'ae vipi.

Mtihani wa mwisho

Usipokee gari jioni wala chini ya taa. Lilete juani, simama kwa mshazari, utazame kivuli cha nguzo au mti kikitembea juu ya milango: kikivunjikavunjika, puti haikunyooshwa. Chukua sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, uipitishe juu ya mabati. Inapoteleza bila kushika, puti ni nene. Tazama kingo za mipira ya vioo: rangi iliyopanda juu ya mpira ni ushahidi kwamba fundi alifunika kwa gazeti kitu ambacho alipaswa kukitoa. Uso wenye vinundu vidogo kama maganda ya chungwa husuguliwa kwa msasa wa 1500 na 2000 ukasafika, kwa hiyo usiufanye kosa kubwa. Lakini machozi ya rangi, malengelenge na ngozi iliyoinuka hutaka kazi ianze upya.

Injini uiwashe ikiwa baridi kabisa, na uhakikishe kwa mkono juu ya boneti kwamba haikupashwa moto kabla hujafika. Iache iungurume mahali pake mpaka kipimo cha joto kitulie, kisha ulipeleke gari mlimani. Mlima Senjele, katika njia ya Mbeya, utakuambia habari ya joto, klachi na breki kuliko maneno ya mtu yeyote. Ila uuendee kwa staha, maana umepoteza roho za watu. Ukirudi, tazama chini ya gari na kipimo cha maji, na urudie kesho yake asubuhi.

Lipo na jambo la karatasi. Namba ya injini na rangi ya gari zimo katika kadi yake. Zinapobadilika, taarifa hupelekwa Mamlaka ya Mapato na gari hukaguliwa na polisi. Katika mji wa mpakani, ambapo mali nyingi hupita na si zote zilizo halali, stakabadhi ya injini na uthibitisho wa ushuru wake ni sehemu ya gari kama zilivyo magurudumu yake.

Basi, ewe msomaji, ukiwa na fedha kidogo, zitumie kwa mpango huu: breki na upoozaji kwanza, nyaya na sili pili, matayarisho ya bati tatu, mng'ao mwisho, na sehemu moja katika tano uiweke akiba kwa yatakayodhihirika gari likifunguliwa. Mwombe fundi akuandikie alichobadili, namba ya rangi na jina la spea, na umlipe kwa ukamilifu yule anayekubali kuandika, kwa maana fundi asiyeogopa kazi yake isomwe na mwenzake ndiye anayestahili kukabidhiwa gari lako.