Binti Mrimba Aliitwa Nani?

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma habari za miji ya pwani nikiwa mbali na bahari. Ninaishi Tunduma, mkoani Songwe, ambako upepo huleta vumbi la malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia, wala hauleti harufu ya chumvi. Mwaka mmoja nilianza kuifasiri habari ya Kilwa Kisiwani kwa Kinyamwanga, ili wazee wa nyumbani, ambao Kiswahili cha vitabuni huwachosha, nao waionje. Jioni moja nikawasomea mwanzo wake: wageni wanafika kwa jahazi, wanaomba kukaa, na mkubwa wao anamwoa binti wa Mrimba, mwenye kisiwa. Shangazi yangu, aliyekuwa akichambua maharage, akaniuliza bila kuinua uso: "Mwanangu, na huyo binti aliitwa nani?" Nikafungua tena kurasa. Jina halimo.

Swali lile ndilo lililozaa makala hii. Sikusudii kulitafuta jina ambalo halikuandikwa. Nauliza jambo jingine: masimulizi yetu ya kale humtwisha bibi harusi kazi gani, na sisi washairi tunaoyarithi tumtendee vipi?

Tuanze na Kilwa yenyewe. Habari yake imetufikia kwa njia zaidi ya moja. Kipo kitabu cha Kiarabu cha karne ya 16, ambacho nakala yake iliyoandikwa Zanzibar mwaka 1877 imehifadhiwa London. Ipo pia simulizi ya Mreno João de Barros, iliyochapishwa mwaka 1552. Katika hizo mbili kisiwa hununuliwa kwa nguo, na harusi haimo. Lakini katika habari ya Kiswahili, iliyochapishwa mwanzoni mwa karne ya 20, nguo zimo na harusi imo. Sultani Ali bin Selimani anamletea Mrimba zawadi, anaomba kukaa, kisha anamposa bintiye. Baada ya ndoa anamwagiza mkewe amwambie babaye kwamba si vyema wakubwa wawili kukaa mahali pamoja, afadhali mzee ahamie bara. Mzee anakubali, kwa sharti la nguo za kukizunguka kisiwa. Akishavuka anajuta na kutaka kurudi kwa vita, asiweze kwa sababu ya maji. Mwishowe mjukuu, Muhammad bin Ali, anakwenda kumwamkia babu yake, na babu anamkabidhi utawala wake.

Ni wazi, basi, kwamba msimulizi wa Kiswahili alikuwa na jambo la kusema ambalo mwandishi wa Kiarabu hakulihitaji. Kwa huyu, kisiwa ni bidhaa iliyolipiwa, na bei ikishatolewa maneno yamekwisha. Yule wa Kiswahili alijua kuwa nguo huchakaa, na kwamba aliyeuza kwa nguo aweza kudai kuwa alidanganywa. Kwa hiyo akaongeza kitu kisichorudishwa: damu. Mtoto wa binti ni mgeni kwa babaye na mwenyeji kwa mamaye, wala hakuna wa kumwambia arudi alikotoka.

Sasa tumtazame binti mwenyewe. Katika habari nzima yeye pekee ndiye aliyeweza kusema na pande zote mbili. Ujumbe mzito kuliko wote, wa kumwomba baba aihame ardhi yake, haukupelekwa na wazee wala na mwandishi wa sultani. Ulipita kinywani mwake. Sisi husema mjumbe hauawi, lakini mjumbe huyu hakuwa na kwao pa kurudi: kule alikopeleka ujumbe palikuwa kwao, na ujumbe wenyewe ulikuwa wa kukufuta kwao. Msimulizi ametupa maneno aliyotumwa, hakutupa uso aliokuwa nao alipoyasema. Katika Kiswahili chetu mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Kitenzi chenyewe kimekwisha kumkalisha kando. Hata hivyo, ukiisoma habari hii kwa makini, mwenye kuolewa ndiye mwenye kutenda, na wanaume wawili wanangoja jibu lake.

Habari ya Pate inakwenda mbali zaidi. Kwa mujibu wa masimulizi yaliyochapishwa na C. H. Stigand mwaka 1913, Sulemani wa ukoo wa Nabhani, aliyefukuzwa katika ufalme wake Uarabuni, alifika Pate mwanzoni mwa karne ya 13 akamwoa binti wa mfalme wa Wabatawi. Fungate ilipokwisha akaenda kumwamkia mkwewe, kama ilivyo ada, na mkwe akampa zawadi. Zawadi yenyewe ilikuwa ni ufalme. Wanahistoria, akiwamo Neville Chittick, wamezitilia shaka tarehe za mwanzo za habari hii, nami sina hoja ya kuwapinga. Ila kama kazi ya fasihi, tendo lile ni la ustadi mkubwa. Kiti cha enzi kinahama bila upanga, ndani ya ada ambayo kila msikilizaji aliijua kwa harusi za mtaani kwake. Bila binti yule, Wanabhani ni wageni walioteka mji. Akiwapo, ni wakwe waliopewa. Yeye ndiye hati ya mji. Na hati hiyo haina jina.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," ndivyo tunavyofundishwa. Nimeishi mpakani muda wa kutosha kujua kwamba methali hiyo husemwa kwa raha zaidi na mgeni. Wanyamwanga tuko Tunduma na tuko Nakonde. Mstari ulichorwa na Waingereza na Wajerumani, nasi tumeendelea kuoana juu yake. Ndugu wakikosana kwa shamba au kwa mzigo, anayeitwa kusuluhisha mara nyingi ni mama aliyezaliwa ng'ambo hii na kuolewa ng'ambo ile. Akifanikiwa, husemwa kuwa wazee wamepatana. Hilo ndilo lililomfanya shangazi yangu aulize. Yeye aliisikia habari ya Kilwa kutoka upande wa Mrimba, upande wa waliotoa binti, ilhali waandishi wote wameiandika kutoka upande wa waliopokea.

Msomaji wa visiwani ataniambia kuwa wapo mabibi wenye majina. Kweli wapo, na inafaa tuangalie waliyapataje. Unguja ya karne ya 17 ilikuwa na Mwana Mwema Fatima, aliyeolewa na Abdalla, mfalme wa Utondwe, bara ya pili yake. Ndoa hiyo iliunganisha viti viwili vya enzi. Lakini jina lake limebaki kwa kuwa alitawala mwenyewe, akashikamana na Wareno, na Waomani waliposhinda akapelekwa uhamishoni Maskati. Kilwa ileile iliyomsahau binti Mrimba ilikuwa mwanzoni mwa karne ya 18 na malkia Fatima binti Muhammad, na barua zilizotoka kwake mwaka 1711, zilizohifadhiwa Goa, zimo katika maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yaliyosalia. Habari ya Pate, iliyomnyima jina binti wa Kibatawi, inamtaja Mwana Darini, mjane ambaye mumewe aliuawa katika ugomvi wa ufalme. Alipoona siwa ya mji haitapatikana kwa jando la mwanawe, akaagiza ichongwe nyingine ya pembe. Na Mwana Kupona, mke wa Bwana Mataka wa Siyu aliyepigana na majeshi ya Seyyid Said, tunamjua kwa utenzi aliomtungia bintiye mwaka 1858.

Utaona kwamba hakuna hata mmoja aliyepata jina kwa kuolewa. Mmoja alitawala, mmoja alituma barua, mmoja alichongesha siwa, mmoja alitunga. Kinyume chake mtazame bibi wa Kiajemi aliyeolewa na Seyyid Said, ambaye husemekana ndiye aliyejengewa hamamu ya Kidichi. Emily Ruete, katika kumbukumbu zake za mwaka 1886, anamwita Schesade. Na neno hilo kwa Kiajemi maana yake ni mtoto wa mfalme. Hata pale tunapodhani tumepewa jina, tumepewa cheo cha babaye.

Hapa ndipo ninapogombana na washairi wenzangu, nami nikiwamo. Tumekuwa wepesi wa kuwatia wanawake hawa asumini na machozi. Tukimkuta bibi harusi asiye na jina tunampa macho ya mbalamwezi, tunamliza ubeti mzima, kisha tunamwacha palepale msimulizi alipomwacha. Kumlilia mtu si kumsikiliza. Simulizi la kale lilimtumia kuhalalisha kiti. Shairi letu linamtumia kuonyesha huruma ya mtunzi. Tofauti ni ndogo kuliko tunavyojisifu.

Nakiri kosa langu. Baada ya swali la shangazi nilitunga utenzi juu ya binti Mrimba, nikamchagulia jina zuri lenye vina vingi. Nilipousoma, waliohudhuria walipiga makofi. Shangazi hakupiga. Akaniambia: "Sasa umemwoza mara ya pili, na safari hii hata babaye hakuulizwa." Nilikasirika kwa siku kadhaa, kisha nikalifuta lile jina.

Katika tafsiri yangu sasa anaitwa binti Mrimba, kama alivyoachwa, na nimeona kuwa nasaba hiyo si haba: inamweka upande wa waliotoa, mahali ambapo waandishi hawakutaka kusimama. Utenzi nao nimeuandika upya. Umebakia na jambo moja tu: mwanamke anakwenda kumwambia babaye ahame, na njiani ana nafasi ya kuchagua namna ya kulisema. Sikumtia neno kinywani. Beti zinakoma baba anapokuja kumpokea.

Nikiumaliza kuusoma nyumbani, wasikilizaji hunyamaza kidogo, kisha huanza kubishana alisema nini. Wanawake hawakubaliani na wanaume, na wa Nakonde hawakubaliani na wa Tunduma. Shangazi husikiliza tu, na maharage yake mapajani.