Kipimajoto cha Infraredi: Kutoka KIA hadi Mashine za Mpunga za Maore

Tarehe 15 Machi 2020 msafiri aliyetoka Ubelgiji alitua Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA), akakaguliwa, akaonekana hana homa, akaruhusiwa kwenda zake. Alipofika hotelini Arusha alianza kujisikia vibaya. Akaenda Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru, sampuli ikachukuliwa, na siku iliyofuata Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akautangazia umma kuwa Tanzania imepata mgonjwa wake wa kwanza wa korona.

Ni rahisi kukilaumu kifaa cha kupima joto kilichotumika, au mkono uliokishika. Lakini yawezekana kabisa kwamba kifaa kilisema kweli: saa ile homa ilikuwa bado haijapanda. Virusi vile huweza kukaa mwilini siku kadhaa kabla ya dalili yoyote, na wapo wanaougua bila homa tangu mwanzo hadi mwisho. Marekani walipata somo hilo kwa gharama kubwa. Kati ya Januari na Septemba 2020 walikagua wasafiri zaidi ya 766,000 viwanjani mwao, joto likiwemo, na waliothibitika kuwa na korona kwa njia hiyo walikuwa 9 tu. Kifaa kinachopima homa kilipewa kazi ya kutafuta virusi, na kazi hiyo hakikuumbiwa.

Naileta habari hii Maore kwa sababu vifaa hivi havikuondoka na korona. Vimebaki zahanati na shuleni, vilitolewa tena Kagera ilipopata ugonjwa wa Marburg mwaka 2023, na ndugu zao wa viwandani, wenye kitone chekundu cha leza, sasa wamo katika mifuko ya mafundi wa mashine. Maore, kwenye tambarare ya mashariki ya Upare wa Kusini, kando ya barabara ya Kisiwani kwenda Ndungu na Kihurio, ina mambo mawili yanayovijaribu kwelikweli: joto kali na mashine za kukoboa mpunga.

Kwanza tuelewe kinachotokea mtu anapobonyeza kitufe. Kila kitu chenye joto hutoa miale isiyoonekana kwa macho, iitwayo infraredi. William Herschel aliigundua mwaka 1800, alipoweka kipimajoto nje kidogo ya ukingo mwekundu wa mwanga wa jua uliotawanywa na kioo, akaona zebaki inapanda mahali pasipo na rangi yoyote. Lenzi ya kifaa hukusanya miale hiyo, kihisi kilichomo ndani huigeuza kuwa umeme mdogo, na kompyuta yake ndogo hukokotoa joto. Kifaa hupokea tu. Hakirushi infraredi kwenye paji la uso, wala hakuna kitu kinachoingia kwenye ubongo.

Nalisisitiza hilo kwa sababu uvumi wa mwaka 2020, kwamba kifaa kinaunguza ubongo, ulileta hasara halisi. Watu walianza kutoa kifundo cha mkono badala ya paji, na walinzi wakakubali ili foleni isogee. Sasa fikiria utaratibu wa getini siku zile: kwanza unanawa kwenye ndoo ya maji tiririka, halafu unapimwa. Mkono uliotoka majini una ngozi baridi, na maji yanayokauka juu yake yanazidi kuipoza. Ukiuelekezea kifaa, nyuzi 33 au 34 si ajabu. Mwenye homa ya 39 anaweza kupita kwa mkono wa namna hiyo. Mlinzi aliyefundishwa angejua kuwa mtu anayetembea na kuzungumza, kisha akasomeka 34, hajapimwa bado. Apanguse paji lake, asubiri kidogo, apimwe upya.

Hata paji lenyewe si joto la ndani ya mwili. Ngozi yake kwa kawaida iko nyuzi kadhaa chini ya 37. Kifaa cha tiba huongeza tofauti hiyo kwa hesabu iliyowekwa na mtengenezaji, ndiyo maana vingi vina mipangilio miwili, mmoja wa mwili na mwingine wa vitu. Kikiachwa kwenye mpangilio wa vitu, mgonjwa wa homa husomeka mzima. Kipimajoto cha fundi nacho kisitumike kwa mtu hata kidogo: makosa yake huwa ya nyuzi moja na nusu hadi mbili, ambayo ndiyo tofauti yote kati ya mzima na mwenye homa, na leza yake haifai kuelekezwa usoni.

Hesabu ile ya mtengenezaji inategemea hali ya hewa ya mahali unapopimia. Vifaa vingi vya tiba vimeandikiwa kufanya kazi kati ya nyuzi 16 na 40. Maore mchana wa Januari kivulini hewa hupita 30, na kifaa kilichoachwa kwenye kiti cha bodaboda au ndani ya gari lililofungwa vioo huvuka 40 bila shida. Mgonjwa naye amefika kwa miguu, juani, ana mtandio au kofia. Paji lake limepata joto la jua, au limelowa jasho na kupoa. Namba itakayotoka hapo itakuwa habari za safari yake zaidi ya habari za ugonjwa. Mwongozo wa kitaalamu unataka kifaa kikae katika chumba cha kupimia dakika 10 hadi 30 kabla ya kutumika, mbali na jua na feni, na paji liwe wazi, safi na kavu. Mimi ningeongeza kwa zahanati za tambarare: mgonjwa akae kivulini kwanza, apumue, na mtoto anayetiliwa shaka apimwe tena kwa kipimajoto cha kwapani. Kwenye eneo la malaria, nyuzi moja iliyopotea inaweza kumnyima mtoto kipimo cha damu.

Sasa twende mashineni. Fundi wa mashine ya mpunga ana haki ya kukipenda kifaa hiki, kwani beringi inayokaribia kufa hupata moto, na sasa anaweza kuisoma bila kuigusa. Tatizo ni kwamba chuma kinachong'aa hudanganya. Vitu havitoi miale kwa kiwango kimoja. Wataalamu hukipima kiwango hicho kwa namba iitwayo emisiviti, kuanzia 0 hadi 1. Ngozi ya binadamu ina takribani 0.98, ya rangi yoyote ile. Matofali, mpira, mbao na maji viko karibu na 0.9 au juu yake. Chuma kilichosuguliwa kinaweza kushuka hadi 0.2 au chini yake, na kiasi kinachopungua hujazwa na miale ya vitu vya jirani inayoakisiwa. Vifaa vya bei nafuu vimefungwa kwenye 0.95, havibadiliki.

Nimeikokotoa hasara yake. Chukua beringi yenye joto halisi la nyuzi 80, uso wake ukiwa na emisiviti ya 0.2, ndani ya banda lenye nyuzi 30. Kifaa kilichofungwa kwenye 0.95 kitaonyesha takribani 42. Fundi ataridhika, atawasha mashine msimu mzima wa mavuno, huku grisi inaungua. Dawa yake ni ya bei ndogo: mashine ikiwa imezimwa, bandika kipande cha tepu nyeusi ya mafundi umeme kwenye nyumba ya beringi, au paka doa la rangi nyeusi isiyong'aa, kisha washa, acha joto litulie, na upime hapo hapo. Nyumba iliyopakwa rangi isiyo ya kimetali husomeka vizuri bila hata tepu.

Neno "imezimwa" nalitaka lisomwe mara mbili. Hakuna tepu inayostahili kidole kilichonaswa na mkanda. Wakati wa kupima mashine ikizunguka, simama pembeni mwa mkanda, shati limechomekwa, kanga haining'inii, na leza isielekezwe kwenye puli inayong'aa, maana mwanga wake hurudi machoni mwako au mwa mwenzako.

Usalama huo unamvuta fundi asimame mbali, na umbali una bei yake. Kitone cha leza si eneo linalopimwa; kinaonyesha tu uelekeo. Eneo lenyewe hupanuka kadiri unavyorudi nyuma, kama mwanga wa tochi. Kifaa kilichoandikwa 12:1, ukisimama sentimita 120 kutoka kwenye beringi, kinapima duara la upana wa sentimita 10. Ikiwa beringi ina upana wa sentimita 6, umechanganya joto lake na la ukuta wa nyuma, na jibu litashuka. Kwa hiyo tafuta mapema mahali pa kusimama palipo karibu kadiri usalama unavyoruhusu, upaweke alama sakafuni. Pumba nazo hukaa kwenye lenzi na kupunguza miale. Ifute kwa kitambaa laini kila unapoanza. Wala usipime kupitia dirisha: kioo cha kawaida huizuia miale hii, na utakachopata ni joto la kioo.

Kuna kikomo kimoja ambacho hakuna ustadi unaokiondoa. Kifaa huona uso tu, na joto la chini yake laweza kuwa tofauti. Ng'ambo ya bonde la Mkomazi, kwenye Usambara, Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Magamba mwaka 1963 alipogundua kuwa maziwa yake ya moto yaliganda kabla ya yaliyopozwa. Alipochapisha jambo hilo na Denis Osborne mwaka 1969, sehemu ya maelezo yao ilihusu tofauti ya joto kati ya uso wa maji na chini yake. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walionyesha kuwa kukisogeza kipimajoto sentimita moja tu, juu au chini, kunatosha kulileta au kuliondoa tokeo hilo. Sufuria ya uji au ndoo ya maziwa isomwe baada ya kukorogwa. La sivyo umepima utando.

Kifaa chenyewe kikaguliweje? Chukua barafu kwenye friji la duka la soda, ivunje, ijaze kwenye bakuli pana, ongeza maji kidogo, koroga dakika chache. Kipimajoto cha fundi kikisogezwa karibu kinapaswa kusoma karibu na sifuri. Maji yanayochemka hayafai sana, kwa kuwa mvuke hutua kwenye lenzi, na tena kwenye miinuko yetu hayafiki 100: Same mjini huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, na kadiri unavyopanda kwenda kilele cha Shengena namba hiyo inazidi kushuka. Kifaa cha tiba kwenye mpangilio wa mwili hakiwezi kujaribiwa kwa barafu, kwani mpangilio huo umetengenezwa kusoma kiwango cha joto la binadamu tu. Linganisha namba zake na za kipimajoto cha kwapani kwa watu wazima kadhaa wenye afya.

Kwa mashine, ningeamini daftari kuliko namba ya siku moja. Tepu ileile, alama ileile sakafuni, baada ya muda uleule wa kukoboa. Beringi iliyozoea kusoma 55 ikianza kusoma 70 kwa kazi ileile, zima, fungua, angalia grisi na mkazo wa mkanda kabla ya kumimina gunia jingine.