Daftari la Katibu wa Kamati

Mradi ni kazi yenye siku ya kuanza na siku ya kwisha, nayo huacha kitu ambacho hakikuwepo. Kuendesha duka si mradi. Kulifungua ni mradi. Kwa maana hiyo Watanzania wengi wameshasimamia miradi bila kukanyaga darasa lake, maana wamekaa kwenye kamati ya harusi.

Mimi fani hii nilifundishwa na shangazi yangu, katibu wa kamati nyingi za pale Dar es Salaam. Kikao cha kwanza watu huja na hamu ya kujadili rangi za sare. Yeye aliwasubirisha. "Wageni wangapi?" Mpaka idadi ijulikane, hakuandika kingine. Wakati ule niliona ukaidi; leo naona ndiko kuijua kazi. Wageni 200 wakigeuka 350, chakula kinapanda, ukumbi unabana, na tarehe haisogei kwa kuwa kadi zimeshasambazwa. Ukubwa wa kazi, muda na fedha ni mafiga matatu: ukisogeza moja bila kuyagusa mengine, chungu kinamwagika.

Kisha alipanga kazi kutoka siku ya harusi kurudi nyuma. Kadi za mwaliko hazichapwi kabla ukumbi haujapatikana. Ukumbi haupatikani bila malipo ya awali. Malipo hayo hayapo kabla michango haijaanza kuingia. Mnyororo huo ndio aliokesha nao. Mpambaji akichelewa kupatikana siku 3, hakuna atakayejua. Mnyororo ukichelewa siku 3, zitalipwa kwa fedha au kwa aibu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wataalamu wa Marekani waliutungia mnyororo wa namna hii kanuni za hesabu, na kabla yao mhandisi Henry Gantt, aliyefariki 1919, alishazoea kuzichora kazi kama mistari iliyolazwa juu ya kalenda. Shangazi alikuwa na rula na kalamu nyekundu.

Ahadi aliziandika safu moja, fedha taslimu safu nyingine, na matumizi yakafuata safu ya tatu. Pembeni ya kila kazi palikuwa na jina la mtu mmoja. Si wawili. Wawili hutegeana.

Ninachokiheshimu zaidi ni alichofanya shughuli ilipokwisha, watu wamechoka na maharusi wameondoka. Aliwaita tena wajumbe kuvunja kamati. Mapato na matumizi yakasomwa mbele ya waliochanga, salio la mpishi likalipwa, na makosa yakaandikwa kwa ajili ya kamati ijayo. Miradi mikubwa kuliko harusi hukatiwa utepe na kuachwa bila kikao hicho, na aliyechanga hajui shilingi yake ilikwenda wapi.

Wewe unayeanza, usingoje cheo cha meneja. Kamati ikiitishwa mtaani kwenu, omba ukatibu, nunua daftari, na usilifunge kabla kamati haijavunjwa.